Kufungua tovuti yako ya kwanza: domeni, hostingi, na pale wengi wanapokwama

Wiki iliyopita nilishinda siku mbili kwenye karakana ya fundi mmoja wa fenicha pale Keko, Dar es Salaam, tukimfungulia tovuti. Randa ya umeme inalia upande mmoja, kompyuta yangu iko juu ya meza ya chakula ambayo bado haijapigwa vanishi. Fundi ana wateja hadi Dodoma na Mbeya, lakini kila anayeulizia kazi zake inabidi atumiwe picha kwa WhatsApp, moja baada ya nyingine. Alitaka pawe na mahali pamoja pa kuwaelekeza.

Alishawahi kuwa na tovuti. Kijana aliyemtengenezea alisajili domeni kwa jina lake yeye kijana na barua pepe yake, kisha akahama mji na simu ikawa haipatikani. Muda wa domeni ulipoisha, jina la karakana likaenda nalo. Ndiyo maana safari hii nilimwambia, "Fundi, utakaa wewe kwenye kibodi, mimi nitakaa pembeni." Nawe fanya hivyo, hata kama unasaidiwa na mwanao.

Kabla ya yote, elewa kwamba unanunua vitu viwili. Domeni ni jina. Hostingi ni nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka saa zote, ambako kurasa na picha zako zinakaa. Unaweza kuvinunua duka moja au maduka mawili, ila ni vitu viwili, kila kimoja na tarehe yake ya kulipiwa.

Hatua ya 1: Chagua jina

Kipimo changu ni kimoja: mpigie mtu simu, mtajie jina mara moja, umwambie aliandike. Fundi alikuja na jina lenye kistari katikati. Tukampigia mke wake. Akauliza, "Kistari ndiyo kipi hicho?" Tukaachana nalo palepale. Epuka pia tarakimu, na maneno ambayo nusu ya watu wanayaandika kwa Kiswahili na nusu kwa Kiingereza.

Kuhusu mwisho wa jina, kama wateja wako wako Tanzania chukua .co.tz. Shule zina .sc.tz, taasisi na vyama vina .or.tz, hata hoteli zina .hotel.tz yao. Kenya ni .co.ke. Wengi wanakimbilia .com kwa mazoea, na wanakuta jina zuri limeshachukuliwa miaka mingi iliyopita. Kwenye .co.tz bado majina mafupi ya Kiswahili yapo.

Hatua ya 2: Nunua domeni kwa jina lako mwenyewe

Majina ya .tz yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ila unanunua kupitia wakala aliyesajiliwa. Kwenye fomu, sehemu ya mmiliki andika jina lako au la biashara yako, namba yako ya simu, na barua pepe unayoifungua kila siku.

Hiyo barua pepe isiwe ya domeni hiyohiyo unayoinunua. Siku domeni ikiisha muda, barua pepe zake nazo zinakatika, na kiungo cha kubadilisha nenosiri kitatumwa kwenye sanduku usiloweza kulifungua. Tumia ya Gmail au nyingine yoyote ya pembeni.

Hatua ya 3: Nunua hostingi

Kifurushi kidogo kuliko vyote kinatosha. Angalia mambo matatu tu: wana cPanel (ukurasa wa kuongozea hostingi yako), wanatoa bure cheti cha usalama (kile kinachofanya anwani ianze na https), na wanachukua nakala rudufu kila siku. Kabla ya kulipa wapigie simu uone kama wanapokea. Maneno ya "nafasi isiyo na kikomo" yasikushawishi, kwa sababu tovuti ya kurasa tano haifikishi hata GB moja.

Ukishalipa utapokea barua pepe yenye jina la kuingilia, nenosiri, anwani ya namba ya seva, na majina mawili ya seva za majina. Usiifute.

Hatua ya 4: Unganisha domeni na hostingi

Hapa nitakaa kidogo. Mara yangu ya kwanza kufanya kazi hii nilianza saa mbili usiku nikamaliza saa nane usiku, na hizo saa sita zote nilikuwa nabadilisha kitu sahihi mahali pasipo sahihi.

Kompyuta hazitafutani kwa majina, zinatafutana kwa anwani za namba, mfano 192.0.2.10. Kwa hiyo mtu akiandika jina lako, lazima pawe na wa kuulizwa: huyu anakaa wapi? Chukulia mgeni anayetafuta nyumba yako mtaani. Anafika ofisi ya serikali ya mtaa, wanamwambia, "Upande ule mjumbe wake ni fulani, kamuulize." Anakwenda kwa mjumbe, anaonyeshwa nyumba. Kwenye intaneti, ofisi ya mtaa ni rejesta ya .tz, mjumbe ni seva za majina, nyumba ni seva yako ya hostingi.

Sasa, ukihama nyumba, wa kumwambia ni mjumbe yule ambaye wageni wanaelekezwa kwake. Ukimwambia mjumbe wa mtaa wa pili, atakusikiliza na ataandika kwenye daftari lake, lakini hakuna mgeni atakayefika kwake kuuliza. Mimi nilifanya hilo hasa. Nilikuwa nabadilisha rekodi A, yaani mstari unaotaja anwani ya namba ya seva, kwenye akaunti ya nilikonunua domeni, wakati seva za majina zilishaelekezwa kwenye hostingi. Kila nikibonyeza kuhifadhi, inaandika kwa kijani kwamba imefanikiwa. Na ilikuwa imefanikiwa kweli, kwenye daftari lisilosomwa na mtu.

Kwa hiyo kabla hujagusa chochote, uliza kwanza mjumbe wako ni nani. Kwenye Windows fungua Command Prompt uandike (weka domeni yako badala ya mfano):

nslookup -type=ns mfano.co.tz

Majibu yatakutajia seva za majina. Kama ni za ulikonunua domeni, rekodi zinabadilishwa huko. Kama ni za kampuni ya hostingi, zinabadilishwa ndani ya cPanel, sehemu iitwayo Zone Editor. Huna kompyuta? Fungua dnschecker.org kwenye simu, andika jina, chagua NS.

Ukishajua hilo, una njia mbili.

Ya kwanza ni kubadilisha seva za majina zenyewe. Ingia kwenye akaunti ya domeni, tafuta palipoandikwa Nameservers, futa zilizopo, weka zile mbili ulizotumiwa na watu wa hostingi. Kwa anayeanza, asiye na barua pepe yoyote kwenye domeni hiyo, napendekeza njia hii bila kusita, kwa sababu baada ya hapo kila kitu kinakaa sehemu moja.

Ya pili ni kuziacha seva za majina zilivyo na kubadilisha rekodi A peke yake, iwe na anwani ya namba ya hostingi. Tumia njia hii kama domeni tayari ina barua pepe zinazofanya kazi. Ukihamisha seva za majina unahamisha daftari zima, pamoja na rekodi za MX zinazoelekeza barua pepe. Mteja wangu mmoja alikaa siku mbili bila kupokea barua hata moja kwa sababu mimi sikuzinakili rekodi zake za MX kabla ya kuhama. Tovuti ilifunguka vizuri, kila mtu akafurahi, hakuna aliyegundua mpaka alipopigiwa simu na mtu anayedai majibu ya zabuni. Tangu siku hiyo, kabla ya kugusa domeni ya mtu, napiga picha ya skrini ya rekodi zote.

Mengine ya kuangalia hapahapa:

Nakili na ubandike, usiandike kwa mkono. Tarakimu 1 na herufi l hazitofautiani kwenye skrini nyingi, na ns1 iliyoandikwa nsl haitafika popote. Angalia pia isije ikabaki nafasi tupu mwishoni mwa jina.

Seva za majina za zamani zifute zote. Ukiacha moja ya zamani na mbili mpya, wageni wengine watapelekwa huku na wengine kule, na wewe utaona tovuti inafunguka asubuhi na kukataa mchana.

Hakikisha jina linafunguka likiwa na www na likiwa bila www. Ni rekodi mbili tofauti. cPanel kwa kawaida inaweka zote, lakini kwenye njia ya pili utaweka mwenyewe.

Kisha subiri. Utaambiwa ni hadi saa 48, na namba hiyo ina asili yake: kwenye .com, taarifa ya seva za majina inaruhusiwa kutunzwa kwenye kumbukumbu za njiani kwa sekunde 172800, ambazo ndizo siku mbili. Kwa domeni mpya mara nyingi ni upesi zaidi. Ya fundi ilichukua kama dakika arobaini, tukawa tumeshakunywa chai.

Na kusubiri kwenyewe kuna namna yake. Ukifungua tovuti kabla rekodi haijawekwa, mtandao wako unajibiwa "jina hili halipo", na jibu hilo nalo linatunzwa kwenye kumbukumbu, pengine saa moja, pengine zaidi. Mtu anafungua kila baada ya dakika mbili, bado anaona halipo, anadhani amekosea, anarudi kubadilisha rekodi iliyokuwa sahihi. Hapo ndipo kazi inapoharibika. Badala yake uliza moja kwa moja sehemu nyingine:

nslookup mfano.co.tz 8.8.8.8

Hiyo inauliza seva ya Google badala ya ya mtandao wako. Ikikupa anwani ya namba ya hostingi yako, umemaliza, usiguse tena. Futa kumbukumbu ya kompyuta yako kwa amri ya ipconfig /flushdns, au fungua kwa simu yenye laini ya mtandao mwingine.

Kuna watu watakufundisha kuhariri faili la hosts, orodha ya majina na anwani iliyo ndani ya kompyuta yako mwenyewe, ili uione tovuti kabla ya wakati. Usianze nalo. Ukisahau kuondoa ulichoongeza humo, wewe utaiona tovuti nzima kabisa huku wateja hawaioni, na hutaelewa wanacholalamikia.

Hatua ya 5: Cheti cha usalama

Ndani ya cPanel fungua SSL/TLS Status, bonyeza Run AutoSSL. Ikikataa, rudi hatua ya 4, maana cheti hakitoki mpaka jina liwe limefika kwenye seva hiyo. Vyeti hivi vya bure vina muda mfupi, ila seva inavihuisha yenyewe.

Hatua ya 6: Weka WordPress

Hii ni programu ya kutengenezea na kuendeshea kurasa zako. Iko ndani ya cPanel, inajiweka yenyewe kwa dakika chache. Jina la msimamizi lisiwe admin.

Mimi ni mtu wa WordPress na sioni haya kusema hivyo. Ipo tangu 2003, ni bure, na ukigombana na kampuni ya hostingi unabeba tovuti yako yote unahamia kwingine. Zile huduma za kujenga tovuti kwa kuvuta na kudondosha ni rahisi siku ya kwanza, lakini siku ukitaka kuondoka unaacha kila kitu nyuma. Tumia mandhari (muonekano wa kurasa) inayokuja na WordPress yenyewe, na plagini, yaani programu za nyongeza, zisizidi tano. Plagini kubwa za kupanga kurasa ziache, zinakula bando la mteja wako.

Nenda Settings, kisha Permalinks, chagua Post name. Halafu Settings, kisha Reading, uhakikishe kisanduku cha kuzuia injini za utafutaji hakina tiki.

Hatua ya 7: Kurasa na picha

Kurasa nne zinatosha: mwanzo, kazi zetu, bei, mawasiliano. Ndiyo, weka bei, hata kama ni "kuanzia". Fundi aliogopa washindani wataziona. Nikamuuliza ni wateja wangapi kwa wiki wanaouliza bei kisha wananyamaza. Akakaa kimya kidogo, akaanza kunitajia bei za vitanda.

Picha ya simu mara nyingi ni MB tatu au nne. Usiipandishe hivyo. Ipitishe squoosh.app, ipunguze upana hadi pikseli 1200, ibaki chini ya KB 200. Kabati la mninga la fundi lilishuka kutoka MB 3.8 hadi KB 160, na mistari ya mbao bado ilionekana vilevile.

Kwenye ukurasa wa mawasiliano weka kiungo cha WhatsApp: wa.me/255 kisha tarakimu tisa za simu yako, bila ile sifuri ya mwanzo na bila alama ya kujumlisha. Ukiiweka hiyo sifuri, kiungo hakifiki kwako.

Hatua ya 8: Jaribu kwa simu ya mtu mwingine

Chukua simu ya kawaida, zima Wi-Fi, fungua kwa bando, bonyeza kiungo cha WhatsApp uone kama ujumbe unakufikia. Tulitumia simu ya kijana wa kupiga msasa. Ujumbe wake wa "mambo" ukaingia kwenye simu ya fundi palepale.

Kisha andika tarehe mbili za malipo, ya domeni na ya hostingi, na uweke kengele kwenye simu mwezi mmoja kabla. Ukilipa kwa simu, mara nyingi malipo hayajirudii yenyewe. Fundi aliziandika kwenye daftari pamoja na majina ya kampuni zote mbili, barua pepe ya akaunti na majina ya seva za majina. Daftari lipo kwenye droo pamoja na risiti za mbao, na mke wake anajua lilipo.