Jinsi ya Kuteka Maji ya Bahari kwa Kipimo cha Vinasaba vya Viumbe

Samaki apitapo majini huacha nyuma ute, kinyesi, magamba na chembe za ngozi. Ndani ya mabaki hayo mna vinasaba, na anayejua kuyachuja ataweza kutaja spishi zilizopo karibu bila kutupa wavu. Mwaka 2012 watafiti wa Denmark walichuja sampuli za nusu lita ya maji ya bahari wakapata spishi 15 za samaki. Mwaka 2015 kundi la Masaki Miya wa Japani lilijaribu njia yake kwenye matangi ya Okinawa Churaumi Aquarium, ambako kila samaki aliyemo anajulikana: kati ya spishi 180, lilitambua 168. Tangu hapo kazi ya kuteka imetoka mikononi mwa wataalamu peke yao. UNESCO iliwakabidhi wanafunzi na wakazi vifaa vya kuchujia katika maeneo 21 ya bahari yaliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuteka si kazi ngumu. Kinachoshinda wengi ni usafi, na kosa lililofanyika ufukweni halirekebishiki maabara.

Vifaa vya kituo kimoja

Chupa 4 za plastiki ngumu za lita moja, zenye mdomo mpana. Vichujio 4 vya kapsuli iliyofungwa, vyenye matundu ya mikromita 0.45, pamoja na vya akiba. Mabomba 4 ya sindano ya ml 60, kila chupa na lake. Glavu za nitrili za kutosha kubadilisha kila sampuli. Dawa ya kuhifadhia, kisanduku cha barafu, lebo na penseli. Penseli ni ya lazima, kwa kuwa ethanoli ikimwagika hufuta wino wa kalamu na sampuli hubaki bila jina.

Kusafisha

Changanya sehemu moja ya klorini ya nyumbani kwa sehemu tisa za maji, siku ileile ya kuitumia, maana mchanganyiko uliolala hupungua nguvu. Loweka chupa na vifuniko kwa dakika 10, kisha suuza angalau mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Usisuuze kwa haraka. Klorini inayobaki chupani itavunjavunja vinasaba unavyovitafuta, nawe utapata matokeo matupu ukidhani bahari haina kitu. Tena, usiiache klorini ikutane na amonia wala dawa ya maabara yenye guanidini, kwa sababu hutoa gesi ya sumu.

Kuteka

Aliyeshika samaki, chambo au wavu asiguse chupa, hata akiwa amevaa glavu, mpaka anawe na kuvaa nyingine. Ukiwa chomboni, zima injini, subiri chombo kitulie, kisha teka upande wa omo ukiuelekea mkondo, ili maji yaliyogusa ubavu wa chombo yapite nyuma yako. Ukiwa umesimama majini, elekea mkondo vivyo hivyo. Tope linalotibuliwa na miguu halitakiwi chupani, kwani vinasaba hudumu kwenye mashapo muda mrefu kuliko majini, na tope kidogo huweza kuingiza viumbe waliopita hapo zamani.

Zamisha chupa mdomo ukiwa chini hadi sentimita 30 hivi, igeuze ijae, uifunge kabla ya kuitoa kama mkono unaruhusu. Chukua chupa tatu kwa kuzamisha mara tatu. Kujaza ndoo moja na kuigawa mara tatu ni sampuli moja tu, hata kama chupa ni tatu. Vinasaba husambaa vikiwa vimeshikana katika chembe na vipande vya seli, kwa hiyo lita moja huweza kumnasa papa ambaye lita ya jirani yake imemkosa.

Chupa ya nne ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, nasi tunaithamini kuliko zote. Ijaze maji yaliyokenekwa kabla ya kuondoka. Mkiwa kituoni, ifungue kwa muda uleule ambao nyingine zilikuwa wazi, ifunge, kisha ichuje kama nyingine. Jodari akionekana kwenye chupa hii, jodari wa chupa nyingine naye ametiliwa shaka. Bila chupa hii huna namna ya kujua.

Andika papo hapo: saa, mahali kwa GPS, kina, joto la maji, na kama maji yanajaa au yanapwa. Andika pia kama kuna mto, bomba la majitaka au mnada wa samaki karibu. Maji ya kuoshea samaki huleta vinasaba vya spishi ambazo haziishi hapo kabisa.

Kuchuja

Chuja ndani ya saa chache. Katika maji ya bahari vinasaba huoza kwa saa hadi siku chache, na joto huharakisha. Ukichelewa, weka chupa gizani kwenye barafu, lakini usiyagandishe maji yenyewe: barafu hupasua seli, vinasaba vikawa huru, vikapenya matundu ya kichujio. Safari ikiwa ndefu, ml 1 ya benzalkoniamu kloridi ya asilimia 10 katika kila lita husaidia kuvilinda.

Lita moja ni misukumo 17 hivi ya bomba la ml 60. Kabla ya kuvuta maji mengine, chomoa kichujio kwenye bomba, la sivyo mvuto wa kinyume utararua utando wake. Maji yenye vijimea vingi huziba kichujio. Ukihisi ukinzani mkali, acha, andika kiasi kilichopita, tuseme ml 600, kisha endelea na kichujio cha pili. Ukilazimisha, utando hupasuka bila wewe kuona, na dalili yake ni maji kuanza ghafla kupita kwa wepesi. Mwisho sukuma hewa mara mbili tatu, kwani maji yanayobaki huzimua dawa ya kuhifadhia.

Ingiza kwenye kichujio ml 2 hivi za bafa ya Longmire, ambayo ndiyo dawa ya kuhifadhia, ziba ncha zote mbili, funga lebo. Bafa hiyo huvumilia joto la kawaida kwa wiki mbili. Bila dawa, gandisha kichujio kwa nyuzi −20 na usikiache kiyeyuke njiani.

Kusoma majibu

Kwa samaki, maabara nyingi husoma kipande kifupi cha jeni la 12S, cha takriban herufi 170, kwa kuwa vinasaba vya majini vimekwisha katikakatika. Kipande hicho hakifai kwa kaa, konokono wala matumbawe, kwa hiyo sema mapema unatafuta nini. PCR, yaani hatua ya maabara ya kunakili vinasaba hadi viwe vingi vya kusomeka, ikikataa kabisa, omba irudiwe kwa sampuli iliyozimuliwa mara 10. Mara nyingi kikwazo ni kemikali zilizotoka kwenye matope au mwani.

Namba zilizo mbele ya kila jina ni hesabu ya vipande vilivyosomwa, si idadi ya samaki. Kipimo hakisemi umri, ukubwa, wala kama mnyama alikuwa hai. Mkondo nao huweza kuleta vinasaba kutoka mbali, ndiyo maana uliandika hali ya maji.

Kagua pia majina yenyewe. Kompyuta hulinganisha kila kipande na maktaba ya vinasaba, na spishi isiyokuwemo hupewa jina la ndugu yake wa karibu. Ukiona samaki wa bahari nyingine kabisa kwenye orodha, rudi kwenye ngazi ya jenasi au familia, na usitangaze ugunduzi. Tunza mafaili ghafi na sehemu ya vinasaba vilivyokamuliwa kwa nyuzi −80. Maktaba hizo huongezwa kila mwaka, na faili lilelile likilinganishwa upya huweza kutoa majina ambayo hayakupatikana mara ya kwanza.