Chetezo cha Kijapani chenye njumu: usikisugue kwa ndimu

Weusi wa vyetezo vingi vya Kijapani vya enzi ya Meiji (1868–1912) si uchafu, fundi aliukusudia. Mfano ni metali iitwayo shakudo: ni shaba nyekundu iliyotiwa dhahabu kidogo, mara nyingi kama asilimia 4, kisha ikachemshwa kwenye maji ya rokusho (dawa ya Kijapani yenye chumvi za shaba) hadi ikawa nyeusi yenye zambarau kwa mbali. Ndiyo maana njumu za dhahabu na fedha zinang'aa juu yake. Utando huo ni mwembamba mno. Ndimu, ukwaju au dawa ya kung'arishia shaba huula haraka, wekundu ukatokeza, na kuurudisha kunahitaji fundi anayeijua kazi hiyo hasa.

Pangusa vumbi kwa brashi laini, kavu. Vaa glavu za pamba, kwani jasho la vidole huacha alama za kutu.

Ukitaka kufukiza, tumia kikombe cha ndani chenye majivu theluthi mbili, kaa liwe katikati. Likigusa ukuta, joto hubadilisha rangi na huweza kulegeza njumu. Majivu yakipoa yamwage: yakivuta unyevu, hutafuna metali. Kipande cha thamani kubwa, mimi nashauri kisifukiziwe kabisa.