Hoteli kongwe ya kifahari katikati ya jiji: namna ya kujua kama inafaa safari yako

1. Hesabu saa utakazokuwa macho hotelini. Shika ratiba ya siku moja, ondoa usingizi, mizunguko na milo ya nje. Zikibaki chini ya saa 3, utalipia sebule, bwawa na chai ya alasiri usivyovitumia. Tafuta hoteli ya kawaida karibu na shughuli zako. Hoteli kongwe hufaa pale inapokuwa yenyewe ni sehemu ya safari: fungate, maadhimisho, siku mbili za kupumzika.

2. Pima njia, usipime umbali. Angalia muda wa gari kwa saa ileile utakayotoka asubuhi. Katikati ya jiji, kilomita 4 zinaweza kula dakika 50.

3. Chunguza chumba. Usinunue jina. Hapa ndipo wengi huumia. Karne ya 19 vyumba vingi vya hoteli havikuwa na bafu ndani. Ritz ya Paris ilipofunguliwa mwaka 1898 na bafu zake vyumbani, lilikuwa jambo la kusifiwa. Kwingine bafu zilikuja baadaye, zikamegwa kutoka vyumba vya kulala. Ndiyo maana vyumba viwili vya daraja moja na bei moja vinaweza kupishana kwa mita kadhaa za mraba, kimoja kikiwa na nguzo pembeni ya kitanda.

Chumba cha bei ya chini mara nyingi hutazama uwazi wa ndani wa jengo: ukuta wa pili mita chache mbele, mashine za kiyoyozi chini, mwanga hafifu hata adhuhuri. Picha za tovuti ni za vyumba vya mbele. Kwa hiyo iandikie hoteli yenyewe barua pepe. Programu za kuhifadhi vyumba ni nzuri kulinganisha bei tu; maelezo unayoandika humo huhesabiwa kuwa ombi, wala si makubaliano. Uliza:

- Chumba kina mita ngapi za mraba, bila bafu? Chini ya 18 kwa watu wawili, masanduku hayatafunguka yote.
- Dirisha linatazama nini, na linafunguka?
- Kitanda ni kimoja, au viwili vilivyosogezwa pamoja?
- Chumba kiko juu ya ukumbi wa karamu, na kuna harusi usiku huo? Besi ya muziki hupanda kwenye kuta hata kama sauti za watu hazisikiki.
- Kuna ukarabati? Savoy ya London ilifungwa kabisa kuanzia Desemba 2007 hadi Oktoba 2010, lakini hoteli nyingi hukarabati ghorofa moja moja huku wageni wamo, na nyundo huanza asubuhi.

Jibu la "tutajitahidi" si jibu. Omba namba ya chumba iandikwe kwenye nafasi uliyohifadhi. Ukiipata, pekua picha za wageni utafute ramani ya dharura, ile inayobandikwa nyuma ya mlango: inaonyesha lifti, ngazi na chumba cha wahudumu viko wapi. Mlango unaopakana na lifti, ukatae.

4. Miguu na magurudumu. Ngazi za mlangoni, lifti nyembamba na mabafu yenye kingo ndefu ni kawaida. Kwa mzee au kiti cha magurudumu, omba upana wa mlango wa bafu kwa sentimita.

5. Kadi. Unapoingia, hoteli huzuia kiasi fulani kwenye kadi kwa kila usiku, juu ya bei ya chumba. Tumia kadi ya mkopo. Kwa kadi ya debiti hizo ni fedha zako halisi, na zinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi baada ya kuondoka, ukiwa bado safarini. Uliza pia kama kodi, ada ya huduma na kifungua kinywa vimo kwenye bei.

6. Hifadhi kwa bei inayoruhusu kughairi, hata ikizidi kidogo. Mwisho wa kughairi huhesabiwa kwa saa za jiji la hoteli, si za kwako. Weka kengele siku moja kabla. Ikiwa hadi hapo namba ya chumba haijathibitishwa, ghairi.