Mwongozo wa Mzazi: Konferensi za Michezo za Shule katika Miji Midogo ya Marekani

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mzazi au mlezi anayezungumza Kiswahili, aliyehamia katika mji mdogo wa Marekani, na ambaye mwanawe ameanza kuchezea timu ya shule ya sekondari. Utamfaa pia ndugu aliyebaki Kigoma, Bukavu au Mombasa, anayetumiwa picha za mechi kwa simu na angependa kujua mpwa wake anashindania nini hasa. Kinachowachanganya wengi ni kwamba timu moja ya shule huwa katika mashindano mawili kwa msimu mmoja, na kutwaa ubingwa wa shindano moja si lazima kuipe timu nafuu yoyote katika lile jingine.

Anza kwa kuyatenganisha mashindano hayo. La kwanza ni la jimbo, ambalo huendeshwa na chama cha michezo ya shule cha jimbo husika, huchezwa mwishoni mwa msimu, na kwa michezo mingi ya timu ni la mtoano. Aliyesoma Kenya hataliona geni, kwa kuwa huko nako shule hupanda ngazi kwa ngazi kwa jina lake, isipokuwa Marekani safari hiyo huishia kwenye jimbo na hakuna fainali rasmi ya taifa. Aliyezoea UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari ya Tanzania, atambue kwamba hapa wachezaji hawateuliwi kutoka shule mbalimbali kuunda timu ya mkoa. Shule yenyewe husonga mbele na jezi yake mpaka itolewe. La pili ni konferensi, yaani umoja wa shule jirani, mara nyingi kati ya 6 na 10, zilizokubaliana kukutana kila mwaka katika michezo karibu yote, wavulana kwa wasichana. Shule zetu za Afrika Mashariki hazina kitu kinachofanana nao sana, na kwa maoni yangu ndio unaopaswa kuanza kuuelewa, kwa sababu ndio unaoamua utakwenda wapi siku ya Ijumaa usiku na utakaa jukwaani na nani kwa miaka minne.

Kisha ulizia nani hupanga makundi katika jimbo lako, kwa sababu majimbo hayafanani. Texas, chombo cha mashindano ya shule kiitwacho UIL, ambacho kimo ndani ya Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Austin, huzigawa shule wanachama katika wilaya za mashindano na kuzipanga upya kila baada ya miaka miwili kwa kufuata idadi ya wanafunzi na umbali. Kentucky, ambako familia nyingi kutoka Kongo zimepata makazi, hasa Louisville na Bowling Green, mpira wa kikapu hupangwa katika wilaya 64 ndani ya kanda 16, na mabingwa wa kanda hizo hukutana Lexington bila kujali ukubwa wa shule. Indiana mambo ni tofauti: konferensi ni ya hiari, shule huomba kuingia na huweza kujitoa, na chama cha jimbo, yaani IHSAA, hakiziingilii sana. Nitakaa zaidi Indiana, kwa sababu ndiko ambako uhusiano wa konferensi na mji mdogo unaonekana waziwazi.

Hatua inayofuata ni kuchukua ramani. Usianze na msimamo wa ligi. Msimamo hubadilika kila wiki, ilhali barabara hazibadiliki. Tuchukue Ohio River Valley Conference, iliyoko kusini mashariki mwa Indiana karibu na Mto Ohio. Wanachama wake ni Milan, South Ripley na Jac-Cen-Del katika kaunti ya Ripley, Rising Sun katika kaunti ya Ohio, Switzerland County katika kaunti yenye jina hilohilo, pamoja na Southwestern ya Hanover na Shawe Memorial ya Madison katika kaunti ya Jefferson. Shawe ni shule ya Kikatoliki; nyingine zote ni za umma. Weka alama kwenye kila mji, kisha pima muda wa kuendesha gari kutoka kwako. Utakuwa umekwisha kujua mengi: mechi zipi utaweza kuzihudhuria baada ya kazi, basi la wachezaji litarudi saa ngapi usiku, na kwa nini shule hizi ndizo zilizoungana na si nyingine. Kaunti ya Ohio ndiyo ndogo kuliko zote Indiana, na haifikishi wakazi 6,000. Shule ya kaunti kama hiyo haiwezi kukutana kila wiki na shule ya Indianapolis yenye wanafunzi elfu kadhaa, wala haiwezi kulipia mafuta ya basi la kwenda mbali kila Jumanne. Umbali na ukubwa ndio nguzo mbili za konferensi ya aina hii, na mabishano mengi ya wakubwa wa shule hatimaye hurejea kwenye mambo hayo mawili.

Ukiwa bado na ramani mkononi, tafuta miji ambayo haina tena shule. Jina la Jac-Cen-Del ni vipande vya majina ya tarafa tatu, Jackson, Center na Delaware, na shule yenyewe iko Osgood. South Ripley iko Versailles, makao makuu ya kaunti, lakini haikubeba jina la mji huo. Majina ya namna hii ni alama ya shule zilizounganishwa. Mwaka 1959 Indiana ilipitisha sheria ya kupanga upya wilaya za shule, na katika miaka iliyofuata mamia ya shule ndogo ziliunganishwa au kufungwa. Kila iliyofungwa ilikuwa na rangi zake, wimbo wake na ukumbi wake wa mpira wa kikapu. Kwa hiyo mzee anayekaa safu ya mbele na kukwambia kwamba yeye alichezea shule nyingine kabisa, katika kijiji kilicho maili chache kutoka hapo, hapotezi muda wako. Muulize zaidi. Ukitaka kukubalika upesi katika mji wa aina hii, hakuna swali lililo bora kuliko hilo.

Milan inastahili aya yake. Mwaka 1954 shule hiyo, iliyokuwa na wanafunzi 161, ilitwaa ubingwa wa Indiana wa mpira wa kikapu katika shindano lililoingiwa na shule 751 bila kugawanywa kwa ukubwa, kwa kuifunga Muncie Central pointi 32 kwa 30 kwa mtupo wa Bobby Plump wa sekunde za mwisho. Mji huo hata leo haufikishi watu 2,000. Tangu msimu wa 1997-98 Indiana inazigawa shule katika madaraja manne kwa idadi ya wanafunzi, hivyo Milan ya leo hukutana na shule za kimo chake hadi fainali. Watu wa jimbo hilo bado wanagawanyika juu ya mabadiliko hayo: wako wanaosema madaraja yameua ndoto ya shule ndogo, na wako wanaosema ndoto iliyotimia mara moja si sababu ya kuwatoa watoto kafara kila mwaka. Mimi naegemea upande wa pili, ingawa singependekeza mgeni alitangaze hilo ndani ya Milan.

Sasa unaweza kuufungua msimamo. Utaona safu mbili za ushindi na vipigo: moja ni ya mechi za konferensi peke yake, nyingine ni ya mechi zote. Konferensi yenye shule saba ambazo hukutana mara moja moja humpa kila mmoja mechi sita tu katika mpira wa kikapu, wakati msimu mzima una zaidi ya 20. Timu yaweza kuwa imepoteza mechi kumi na bado ikawa bingwa wa konferensi. Mkilingana, konferensi nyingi huwapa timu zote mbili ubingwa wa pamoja, wala hakuna anayeona haya. Katika Indiana, matokeo hayo hayaamui nani aingie shindano la jimbo kwa mpira wa kikapu, kwa maana kila shule huanzia hatua ya kwanza ya mtoano. Majimbo mengine hutumia rekodi ya msimu kuchuja, kwa hiyo muulize kocha. Yako pia mashindano yanayovuka mipaka ya konferensi: shule nne za kaunti ya Ripley hukutana kila mwaka katika mashindano yao ya kaunti, ikiwemo Batesville, ambayo ni kubwa kuliko hizo tatu na imo katika konferensi nyingine.

Kabla ya mambo ya jukwaani, kuna makaratasi, na hapa usifanye haraka. Mwanao atahitaji fomu ya uchunguzi wa daktari. Indiana hutaka uchunguzi huo ufanyike kuanzia tarehe 1 Aprili kwa ajili ya mwaka wa shule unaofuata, na fomu ya mwaka jana haitumiki tena. Zipo pia fomu za ridhaa ya mzazi na za tahadhari ya majeraha ya kichwa. Ikiwa Kiingereza chako hakitoshi, shule za umma zina wajibu chini ya sheria za shirikisho kuwasiliana nawe kwa lugha unayoielewa. Omba mkalimani wa Kiswahili mapema na usimgeuze mtoto kuwa mkalimani wa fomu zake mwenyewe.

Umri ndio unaowatega zaidi watu waliopitia kambini. Wakimbizi wengi waliosajiliwa bila cheti cha kuzaliwa waliandikiwa tarehe 1 Januari, na wengine mwaka wenyewe ulikisiwa. Shule huenda na kilichoandikwa. Indiana humzuia mchezaji atakayekuwa ametimiza miaka 20 kufikia siku ya fainali ya jimbo ya mchezo wake. Texas humzuia aliyetimiza 19 kabla ya tarehe 1 Septemba. Majimbo mengi pia huhesabu mihula 8 tangu mwanafunzi aingie darasa la 9, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari, kwa mara ya kwanza, hivyo eleza ukweli wote kuhusu masomo aliyoyafanya kabla ya kufika. Ikiwa tarehe yake haiko sawa na unao uthibitisho, shughulikia marekebisho kwa njia ya kisheria miezi kadhaa kabla ya msimu, kwa sababu mchezaji asiyestahili akigundulika baadaye, timu nzima hupokonywa ushindi. Hivyo hivyo kwa kuhama: mwanafunzi anayebadili shule pasipo familia kuhama nyumba huweza kuwekewa vizuizi, na kanuni hizo hubadilishwa mara kwa mara. Muone mkurugenzi wa michezo wa shule kabla ya kuhama, si baada ya hapo. Alama za darasani nazo huangaliwa: Indiana mwanafunzi lazima awe amefaulu angalau asilimia 70 ya masomo kamili yanayowezekana.

Ukifika uwanjani, nunua tiketi, ambayo sehemu nyingi siku hizi hununuliwa kwa simu, na ufahamu kwamba fedha za mlangoni na za kibanda cha vitafunio husaidia kulipa waamuzi na vifaa. Kibanda hicho huendeshwa na wazazi wa kujitolea. Jiandikishe zamu. Mzazi anayeona aibu kwa sababu ya lugha atafahamiana na watu kwa wepesi zaidi akigawa soda na bisi kuliko akikaa peke yake juu jukwaani. Kuhusu muda wa mwanao kucheza, shule nyingi huwataka wazazi wasubiri saa 24 baada ya mechi kabla ya kuzungumza na kocha, na ni kanuni yenye busara. Mwamuzi usimguse kwa maneno. Huenda ndiye fundi wa gari lako.

Mpira wa miguu una nafasi ya pekee kwa watoto wetu. Lewiston katika jimbo la Maine, mji wa watu wapatao 37,000, ulipokea Wasomali wengi kuanzia mwaka 2001, baadhi yao wakiwa wameishi miaka mingi katika kambi za Kenya. Shule ya Lewiston, iliyomo katika Kennebec Valley Athletic Conference, ilichukua ubingwa wa jimbo wa wavulana mwaka 2015, wa kwanza kwa shule hiyo katika mchezo huo, na mwito wa wachezaji ulikuwa “Pamoja ndugu”. Hata hivyo usimlazimishe mtoto kucheza soka tu. Mbio za nyika karibu hazina gharama, mara nyingi hazina mchujo wa kuingia timu, na wakimbiaji wa pili na wa tatu wa shule nao huiletea timu pointi.

Limebaki jambo ambalo wageni wengi huliachia wenyeji: siku shule inapotaka kuhama konferensi. Hutokea pale wanafunzi wanapopungua, pale jirani mmoja anapokua kupita wenzake, au pale wanachama wawili wanapojitoa na kuacha ratiba yenye mapengo. Uamuzi huishia mezani kwa bodi ya shule, na mikutano ya bodi iko wazi kwa umma. Indiana, tangazo la mkutano lazima litolewe saa 48 kabla bila kuhesabu mwisho wa wiki na sikukuu, na sheria inataka wananchi wapewe nafasi ya kusema. Nenda na maswali yaliyoandikwa. Uliza safari ndefu kuliko zote ya siku za shule itachukua muda gani, wasichana watapata idadi ileile ya mechi kama wavulana, michezo ipi itakosa wapinzani kwa kuwa shule mpya hazina timu hizo, na kama mechi dhidi ya jirani wa zamani itabaki kwenye ratiba nje ya konferensi. Swali hili la mwisho liulize hata kama umeishi hapo mwaka mmoja tu. Utaona vichwa vingi vikigeuka kukutazama, na wengi wao watakuwa upande wako.