Jinsi ya Kutoboa Mfuniko wa Buti na Kufunga Spoila bila Kukaribisha Kutu

Sedani nyingi zilizotumika zinazoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani hufika bila spoila, yaani bawa la nyuma linalokaa juu ya mfuniko wa buti, na anayetaka kuifunga hulazimika kulitoboa bati ambalo kiwanda kililipaka matabaka kadhaa ya kinga. Kutoboa kwenyewe huchukua dakika chache. Kazi kubwa ni kuurudishia ukingo wa kila tundu ile kinga iliyoliwa na biti ya drili, na hiyo ndiyo kazi inayorukwa mara nyingi, kwa kuwa siku gari linapotoka gereji hakuna anayeona tofauti. Kasoro hujitokeza baadaye, rangi inapovimba kuzunguka miguu ya spoila na zulia la buti linapoanza kunuka unyevu. Maelezo haya yanahusu spoila ya plastiki au faibaglasi inayofungwa kwa boliti za milimita 6 kwenye mfuniko wa chuma.

Hatua ya kwanza: kagua mfuniko

Weka sumaku juu ya mfuniko. Isiponasa, mfuniko huo ni wa alumini au wa plastiki, nao unahitaji matayarisho mengine. Ondoa kava ya ndani, kisha tazama mbavu za chuma zilipopita, nyaya za taa za namba na za kufuli zilipofungwa, na matundu ambayo kiwanda kiliyaacha. Sogeza nyaya zote mbali na sehemu utakayotoboa. Ishikize spoila kwa tepu na uinue mfuniko: ukishuka wenyewe, springi zinazouinua hazitaumudu uzito huo mpaka zirekebishwe au zibadilishwe, na ni heri kulijua hilo kabla ya kutoboa.

Hatua ya pili: weka alama

Osha na ukaushe mfuniko, kisha bandika tepu ya karatasi kwenye eneo lote la kazi, kwani tepu huzuia biti kuteleza na kuchora rangi. Tafuta mstari wa katikati kwa kupima kutoka kingo zote mbili za mfuniko. Usiitegemee nembo ya gari wala kufuli. Tengeneza kiolezo cha karatasi ngumu kwa kuibana chini ya miguu ya spoila na kutia alama mahali penye boliti. Ukishahamishia alama kwenye tepu, irudishe spoila juu yake, rudi nyuma hatua kadhaa, uiangalie kwa jicho la mtu anayelifuata gari hilo barabarani, kisha fungua buti mpaka mwisho ili uhakikishe kwamba spoila haigusi kioo cha nyuma.

Hatua ya tatu: toboa

Vaa miwani ya kinga. Gonga alama kwa panchi taratibu sana, kwa maana bati la mfuniko kwa kawaida halifiki unene wa milimita 1 na pigo zito huliacha na bonde. Anza na biti ya milimita 3, endelea na ya 5, umalizie na ya 7, ili boliti ipate nafasi ndogo ya kurekebishika. Ivalishe biti kipande cha mpira wa bomba, ukiacha ncha fupi tu nje, ili isizame ghafla na kugonga bati la ndani. Endesha drili kwa mwendo mdogo na uiache biti ikate yenyewe. Toboa kwanza tundu moja kila upande, jaribisha spoila, ndipo umalizie mengine.

Mfuniko una mabati mawili yenye uwazi katikati, na boliti inapaswa kukaza bati la juu peke yake, ukiifikia kupitia matundu ya kiwanda yaliyo upande wa ndani. Boliti ikikazwa kupitia mabati yote mawili bila kipande cha bomba cha kuyategemeza, bati la juu litabonyea na kuonekana kwa nje.

Hatua ya nne: rudisha kinga

Hapa usiwe na haraka. Lainisha kingo kwa tupa ndogo, juu na chini. Kusanya chengachenga zote kwa sumaku iliyofungwa kitambaa, pamoja na zilizoangukia ndani ya mbavu, kwa sababu chenga moja iliyobaki ikipata unyevu hushika kutu na kuacha doa la kahawia juu ya rangi nzima. Futa kwa spiriti, kisha paka praima ya kuzuia kutu kwa brashi nyembamba, ukihakikisha imeshika ukingo wenyewe wa tundu na si uso wa bati tu. Ikikauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, paka mkono wa pili, halafu rangi ya gari. Miji ya pwani ina hewa ya chumvi, kwa hiyo usiache chuma kikiwa wazi hata usiku mmoja.

Hatua ya tano: funga

Zungushia kila tundu gundi ya kuzibia bodi za magari. Silikoni yenye harufu ya siki haifai hata kidogo, maana hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula chuma. Weka washa pana kwa ndani na ukaze kwa kupokezana, kulia kisha kushoto, ukikoma mara gundi inapoanza kuchungulia pembeni. Ukizidisha, nati za shaba zilizozamishwa kwenye plastiki zitazunguka bure. Waya wa taa ya breki, kama ipo, upite kwenye pete ya mpira na uachiwe urefu wa ziada kwenye bawaba.

Gundi ikishakauka, mwagia maji kwa bomba huku mtu akiwa ndani ya buti na tochi, buti likiwa limeegeshwa tu bila kufungwa kabisa. Tone likionekana, fungua mguu huo, ukwangue gundi ya zamani na uweke mpya. Kupaka gundi kwa nje hufungia maji chini ya mguu, mahali pale pale kutu inapopenda kuanzia.