Somo: Kutia mpini wa mti kwenye chuma cha cheche

Tangu masika nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno, na kila mara nimeandika jibu lile lile. Leo naliandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Ninachokizungumzia ni kile kijiti cheusi cha ferosiriamu, maada ile ile ya jiwe dogo lililomo katika kiberiti cha gesi, ambacho ukikikwangua kwa mgongo mkali wa kisu humwaga cheche. Kikiwa kitupu huteleza, hasa mkononi mwa mtu wa Tanga wakati wa kaskazi. Vipimo vyangu ni vya kijiti cha milimita 8.

Hatua ya 1. Tafuta kipande cha mti mkavu, urefu sentimita 9, kila upande sentimita 3. Mabaki ya mninga kwa seremala yeyote wa Ngamiani, Tanga, yanatosha. Mti mbichi hunywea na kupasuka.

Hatua ya 2. Chora mistari miwili kutoka pembe hadi pembe kichwani mwa kipande. Inapokutana ndipo katikati.

Hatua ya 3. Toboa tundu kabla hujachonga umbo lolote, kwa keekee ya milimita 8.5, kina milimita 25. Kipande cha mraba hutulia katika jiliwa, na hata tundu likienda upande kidogo, utachonga mpini kulifuata.

Hatua ya 4. Chonga, kisha piga msasa.

Hatua ya 5. Gundi. Hapa ndipo nilipoharibu mpini wangu wa kwanza. Nilidhani kubana ndiko kushika, nikatoboa tundu la milimita 8 kamili, nikajaza gundi, nikakigongomea kijiti kwa nyundo. Hewa iliyonaswa chini haikuwa na pa kutokea, ikakisukuma kijiti juu usiku kucha, na asubuhi nikaona utepe wa gundi iliyokauka mdomoni nikaamini kazi imekwisha. Baada ya wiki chache za kwenda nacho baharini kilichomoka mkononi nikikikwangua, na mwisho wake ulikuwa umeota unga mweupe, kwa kuwa unyevu wa chumvi ulipenya na kukila kutoka ndani. Kwa hiyo: usigonge, maana kijiti hiki huvunjika kama kigae. Kwangua rangi nyeusi kwenye sehemu itakayoingia, uchonge kwa tupa mfereji mwembamba wa kutolea hewa, tena kwa mkono, polepole, nje ya nyumba. Usikipeleke kwenye jiwe la kunolea la umeme, na chembe zake zifagie mara moja kwa sababu hushika moto. Tia gundi ya epoksi ya mirija miwili hadi theluthi ya tundu, ukishushe kijiti huku ukikizungusha mpaka gundi itokeze pande zote. Kisimamishe hadi kesho, hata kama pakiti imeandika dakika tano.

Hatua ya 6. Sasa, wala si kabla ya gundi, pakaa mafuta ya linsidi, yaani ya mbegu za kitani. Kitambaa ulichopakia kitandaze nje kikauke; kikikunjwa huweza kujiwasha chenyewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Keekee ya ukubwa gani?
Jibu: Hatua ya 3.

Swali: Nimefuata somo lako lakini kijiti kimechomoka. Nilitumia gundi nyeupe ya mbao.
Jibu: Basi hukufuata somo langu. Gundi nyeupe hushika mti kwa mti.

Swali: Ndugu, unakuza mambo. Mimi niligonga kwa nyundo na hakikuvunjika.
Jibu: Nashukuru kwamba hakikuvunjika. Nimeandika yaliyonipata, na sijamkataza mtu nyundo yake.

Swali (Bagamoyo): Shikamoo fundi. Ninaweza kutumia mabaki ya mpingo kutoka kwa wachongaji? Na je, hiki kinatofautianaje na gumegume?
Jibu: Marahaba, binti yangu. Mpingo unafaa sana, ila ni mgumu na una mafuta yake ya asili. Toboa kidogo kidogo ukiitoa keekee ipoe, ufunike pua kwa sababu ya vumbi, na upanguse tundu kwa spiriti punde kabla ya gundi. Kuhusu swali la pili, katika gumegume jiwe ndilo gumu, nalo hukwangua chembe za chuma zikang'aa kwa joto. Hapa kijiti ndicho laini: kisu hukimega, na chembe zenye metali ya siriamu huwaka zikikutana na hewa, kwa joto la kukaribia nyuzi 3,000. Carl Auer von Welsbach wa Austria ndiye aliyekipatia hataza mwaka 1903.

Swali: Mafuta ya nazi badala ya linsidi?
Jibu: Hayakauki. Mpini utabaki na utelezi, kisha utachacha. Kama huna linsidi, tumia nta ya nyuki, na uipake kwenye kijiti chenyewe pia ili kisiliwe na chumvi.

Swali: Cheche zinatoka, lakini nyuzi za katani hazishiki.
Jibu: Katani ni nene mno kwa cheche. Ichambue mpaka iwe kama nywele, uweke sufi kidogo (ile ya mti wa msufi) katikati. Sufi hushika mara moja na kuisha mara moja, katani hupokea.

Swali: Na makumbi ya nazi?
Jibu: Yafikiche vizuri, uyaanike juani siku nzima, na uyaweke baada ya katani, si kabla.