Kuagiza pleti za chuma zilizokatwa kwa saizi yako, bila kuchoma hela

Kama unaunda mashine za kupukuchua mahindi kama mimi, au matenki, au mageti ya maua maua, ipo siku utachoka na grinda. Kutoboa chekeche moja kwa drili ni siku nzima na bado matundu yanakaa ovyo, wakati mashine ya leza inamaliza hata chai hujapoa. Shida ni kwamba mashine inakata ulichochora, sio ulichokuwa unawaza, kwahiyo kazi kubwa iko kwako kabla hujatoka nyumbani.

Anza na chuma chenyewe. Usiseme "nataka geji 16" (geji ni namba ya unene wa bati), sema milimita, maana geji ya bati jeusi na geji ya stenlesi hazilingani na kila duka lina geji yake kichwani. Shiti nyingi za madukani ni futi 4 kwa 8, yaani milimita 1220 kwa 2440, na hapo kuna hesabu moja naipenda sana: chuma cha kawaida chenye unene wa milimita 1 kina uzito wa kilo 7.85 kwa mita moja ya mraba. Kwahiyo shiti nzima ya milimita 3 inatakiwa iwe kama kilo 70, ya milimita 6 kama kilo 140. Ukiambiwa hii ni 3 af mzani unasoma 60, ujue umeuziwa jina tu, ya ndani ni 2.5. Beba vania yako mwenyewe (kile kipimo cha unene), pima ukingoni sehemu mbili tatu, muuzaji akinuna mwache anune.

Namna ya kukata nayo chagua mwenyewe usichaguliwe. Gilotini, ule mkasi mkubwa wa mashine, ni rahisi na safi ila inakata mistari iliyonyooka tu, kama unataka vipande vya mstatili usihangaike na kingine. Plazma, inayokata kwa moto wa umeme na hewa, ni ya pleti nene ambazo haziitaji usahihi sana, ila inakula milimita 2 hivi kwenye njia yake na matundu madogo yanatoka kama yameumwa na panya. Alafu ukingo uliokatwa kwa plazma ya hewa, pitisha grinda kwanza kabla hujachomelea, la sivyo weldi inajaa vitundu vitundu utadhani mkate. Leza ndo ya matundu mengi na vitu vya kuingiliana. Hata hivyo usichore tundu dogo kuliko unene wa pleti, pleti ya 6 usiitake tundu la 3, hilo toboa mwenyewe kwa drili.

Sasa mchoro, hapa ndo watu wanalia. Fundi wa leza anataka faili la DXF, yaani mchoro wa kompyuta ambao mashine inausoma, kila kitu kwa milimita na saizi halisi. Mistari iungane, isirudiwe juu ya mwenzake, maana mstari ukiwa mara mbili mashine inapita mara mbili na unalipia. Hata kama faili liko sawa mwandikie pembeni upana wa kipande kwa nje, ili akifungua akaona namba tofauti akupigie simu, manake faili lililochorwa kwa inchi likifunguliwa kwa milimita linatoka kama pambo la mkufu. Tundu la bolti ya M12, yaani yenye unene wa milimita 12, usichore 12, bolti haitaingia, weka 13.5. Ya M10 weka 11.

Na kama kipande kitakunjwa... mi nilishaharibu hopa kumi hapa (hopa ni kile kikasha cha juu cha kumiminia mahindi). Nilitaka upana wa nje 300 na midomo ya 50 kila upande, nikajumlisha nikapata 400, nikatuma. Chuma kikikunjwa kinavutika pale kwenye kona, kwahiyo kwa pleti ya 3 kila kunjo linakuongezea kama milimita 5, hopa zikatoka zimezidi karibu milimita 10 na hazikukaa kwenye fremu hata moja. Fundi hana kosa, alikata 400 kama nilivyoandika. Siku hizi namuuliza kwanza anayekunja anatumia kisu gani (kinachobonyeza kwa juu) na dai gani (chuma cha chini chenye mfereji), ndo nakata kimoja cha majaribio, nakunja, napima, af ndo naagiza vingine tisa.

Bei uliza inahesabiwaje: wengine wanachaji kwa mita ya kukata, wengine kwa dakika, wengine wanahesabu na kila tundu. Uliza pia shiti ni yako au yake. Kama umelipia shiti nzima basi mabaki ni yako, sema mapema kabla hujatoa advansi, maana yale mabaki ndo flanji na vibano vyako vya mwezi ujao na ukichelewa kidogo tu utakuta yameshatembea.

Siku ya kuchukua usipakie kwanza. Hesabu vipande, pima kona kwa kona pande zote mbili, namba zikitofautiana kipande kimekaa upande. Jaribu bolti moja kwenye tundu palepale. Af mwambie wa guta atandike ubao chini, pleti nyembamba ikining'inia nyuma inafika nyumbani imepinda.